Rejeta Ikae Wapi? Njia ya Hewa katika Kompyuta Inayopozwa kwa Maji, kwa Joto na Chumvi ya Malindi

Rejeta haitengenezi baridi. Inapokea joto kutoka kwa maji yaliyopita kwenye prosesa, inalikabidhi kwa hewa, basi. Maji hayawezi kushuka chini ya joto la hewa inayopita kwenye mapezi yake, yale mabati membamba, hata ukiifungia feni sita. Hili ndilo la kushika kwanza, kwa sababu maelekezo mengi yanayosambaa yameandikwa na watu ambao vyumba vyao vina nyuzi 21. Malindi mwezi wa Machi, chumba kisicho na kiyoyozi hukaa nyuzi 31 au 32 alasiri nzima. Nyuzi 10 zimeshaliwa kabla hujawasha mashine.

Tufanye hesabu. Chumba kina nyuzi 31. Seti nzuri ya maji yenye rejeta ya milimita 240 au 360, ikifanya kazi nzito, huyaweka maji nyuzi 10 hadi 15 juu ya hewa inayoingia, yaani 41 hadi 46. Prosesa nayo hukaa nyuzi 25 hadi 40 juu ya maji, kutegemea aina na wati zake. Unafika 66 hadi 86. Prosesa nyingi za Ryzen za toleo la 7000 hujipunguza kasi zikigusa 95, na nyingi za Intel zikigusa 100. Kwa hiyo nafasi ipo, ila ni nyembamba. Sasa chukua kadi ya picha ya wati 300 na kasha linalopitisha mita 100 za ujazo za hewa kwa saa: hewa hiyo itatoka ikiwa imepanda kama nyuzi 9. Ukiweka rejeta mahali inaponyonya hewa hiyo, zile 9 zote zinaongezwa juu ya joto la prosesa. Ukiongeza hewa mara mbili, zinashuka hadi kama 4 na nusu. Swali la rejeta ikae wapi ni swali la nani anapewa hewa safi na nani anapewa iliyokwisha tumika.

Kabla ya hewa, kiputo

Kuna jambo moja lisilo na mjadala, nalo ni hewa iliyomo ndani ya maji yenyewe. Seti za kiwandani hujazwa maji yaliyochanganywa na glikoli, kisha zikafungwa. Hata zikiwa mpya zina hewa kidogo, na miaka inavyopita maji hupenya kwenye mipira inayoyapitisha kama mvuke na hewa kuchukua nafasi yake. Hewa hiyo hukaa palipo juu kuliko pote. Ikiwa palipo juu ni pampu, pampu itazunguka ikiwa na hewa tumboni: itakoroma, haitasukuma maji vizuri, na kwa kuwa maji hayo hayo ndiyo yanayoilainisha, itajisaga yenyewe hadi ife.

Basi tafuta pampu ilipo. Katika seti nyingi imo ndani ya bloku inayokaa juu ya prosesa. Katika chache imo kwenye rejeta au katikati ya mpira. Kisha hakikisha ncha ya juu ya rejeta iko juu kuliko pampu.

Rejeta ikifungwa kwenye dari ya kasha, sharti hilo limetimia bila kufikiri. Ikifungwa mbele, kwa kusimama, geuza upande wa mipira uwe chini, mradi mipira ifike bila kuvutwa. Kiputo kitakaa kwenye tangi la juu, mbali na midomo miwili ya maji. Ukiweka mipira juu, seti itafanya kazi bado, lakini kiputo kitakuwa pale pale maji yanapoingilia na kutokea, na utasikia mlio wa maji kama mtu anayesukutua. Kufunga rejeta kwenye sakafu ya kasha huku pampu ikiwa kwenye prosesa ni kosa, hata kama picha ya kasha kwenye boksi inaonyesha hivyo. Mashine itakwenda vizuri miezi kadhaa, ndipo mwenyewe aamini alikuwa sahihi.

Juu au mbele

Hapa ndipo watu hubishana, na kila upande una haki yake kwa mashine fulani.

Rejeta ikiwa mbele na feni zikivuta hewa kutoka nje, prosesa inapata hewa ya chumba kama ilivyo. Prosesa itafurahi. Lakini hewa hiyo huingia kashani ikiwa imepashwa, na kadi ya picha huivuta hiyo hiyo. Ikiwa kazi yako ni ya prosesa tupu, kwa mfano kupika video za harusi kwa programu isiyotumia kadi ya picha, au kadi yenyewe ni ndogo ya wati 75, weka mbele bila wasiwasi.

Rejeta ikiwa juu na feni zikitoa hewa nje, mambo yanageuka. Kadi ya picha inapata hewa safi kutoka mbele, na rejeta inapata mchanganyiko uliopashwa. Prosesa itapanda nyuzi chache, mara nyingi 3 hadi 6, huku kadi ikishuka. Kwa mashine ya michezo au ya kuhariri video yenye kadi ya wati 200 na kuendelea, tunashauri juu. Sababu ni kwamba katika mashine hiyo kadi ndiyo tanuri: inatoa joto mara mbili au tatu ya prosesa, na haina rejeta ya kuitegemea. Prosesa yenye maji ina akiba, kadi inayopozwa kwa hewa tupu katika chumba cha nyuzi 32 haina.

Mpangilio wenyewe: mbele feni tatu za milimita 120 au mbili za 140, zote zikiingiza, juu rejeta ya 240, 280 au 360, feni zikitoa, nyuma feni moja ya 120 ikitoa. Feni za mbele zizungushwe haraka kidogo kuliko za juu ili hewa inayoingia izidi inayotoka. Kasha likiwa na hewa ya ziada ndani, hewa hutokea kwenye kila mwanya, na vumbi halipati pa kupenyea isipokuwa kwenye nyavu za mbele ambazo unaweza kuzitoa na kuziosha. Likiwa na upungufu, kila tundu la nyuma hunyonya. Ukikuta utando wa vumbi jekundu la Magarini kwenye matundu ya kadi yaliyo mgongoni mwa kasha, jua mashine inavutia huko.

Je, juu lakini feni ziingize? Watu huikataa kwa kusema hewa moto hupanda. Kupanda huko ni kudogo mno mbele ya nguvu ya feni, hakuamui chochote. Tatizo la kweli ni kwamba unaingiza vumbi linalotua darini, unaimwagia kadi ya picha hewa moto, kisha unaiachia feni moja ya nyuma kazi ya kutoa kila kitu.

Rejeta ndogo ya 120 ikae nyuma, ikitoa, kwa prosesa ya wati 65 tu. Zaidi ya hapo, kwa hali ya hewa ya hapa, usiinunue.

Joshi na demani

Mabaharia wa pwani hii wana maneno mawili yanayotufaa sana. Joshi ni upande upepo unakotoka. Demani ni upande unakokwenda. Kila feni ina joshi na demani yake. Kwa kawaida uso ulio wazi, usio na mihimili, ndio joshi. Na upande wenye mihimili minne inayoshika mota, wenye kibandiko cha maandishi, ndio demani. Baadhi zina mishale miwili kwenye ukingo: mmoja unaonyesha mapanga yanavyozunguka, mwingine hewa inakokwenda.

Siku hizi zipo feni zilizogeuzwa mapanga ili upande mzuri wenye taa uonekane zinapoingiza hewa. Kwa hizo kanuni ya mihimili inakudanganya. Kwa hiyo jaribu: washa feni ikiwa mezani, sogeza kipande cha tishu. Kinapobanwa ni joshi, kinaposukumwa ni demani. Bandika selotepu ya karatasi kwenye ukingo wa kila feni, andika J na D, ndipo uanze kufunga. Kazi ya dakika tano.

Kosa linalofichika kuliko yote ni feni moja iliyogeuzwa kati ya tatu za rejeta moja. Mbili zinatoa, moja inaingiza, na hewa inazunguka: inayotoka moto inarudi kwa jirani. Kwa macho feni zote zinazunguka, kwa mkono unasikia upepo, lakini joto halishuki. Pitisha tishu mbele ya kila feni, usijaribu moja ukadhani umejaribu zote.

Feni ikae upande gani wa rejeta, kabla yake au baada yake? Kwa joto tofauti ni ndogo. Kwa vumbi tofauti ni kubwa. Feni ikisukuma hewa kwenye rejeta, vumbi na chumvi hulala kati ya feni na mapezi, kama kipande cha blanketi kisichoonekana mpaka ufungue skrubu zote. Feni ikiwa nyuma ya rejeta na kuvuta, vumbi hubaki usoni mwa rejeta. Ukitoa wavu wa mbele unaliona na kulipangusa kwa brashi. Kwa rejeta ya mbele hapa Malindi, weka feni zivute.

Kupima na kufunga

Rejeta nyingi zina unene wa milimita 27, na feni 25. Jumla 52, tafuta nafasi ya 55. Zipo zenye unene wa 38, hizo zinahitaji zaidi ya 63. Urefu nao unazidi jina: rejeta ya 240 huwa na kama milimita 277, ya 360 kama 397, kwa ajili ya matangi ya ncha. Darini, pima kutoka juu ya kasha hadi ukingo wa bodi kuu, kisha tazama vijiti vya RAM: vyenye mapambo marefu hugonga feni. Mbele, pima urefu wa kadi ya picha. Kasha lililoandikwa linachukua kadi ya milimita 360 linabaki na 308 ukishaweka rejeta na feni.

Tuje kwenye skrubu, kwa sababu hapa ndipo rejeta nzima huharibika kwa shilingi chache. Skrubu zinazokuja na seti ni za aina mbili: ndefu, kwa kawaida milimita 30, za kupitia feni, na fupi, milimita 5 au 6, za kushika rejeta kwenye kasha. Feni ni 25, kwa hiyo skrubu ya 30 inaingia rejetani milimita 5. Zikipotea na duka la vifaa likakupa za 35, zitaingia 10. Chukua tochi, imulike kwenye tundu la skrubu kwa kulalisha mwanga: nyuma yake utaona mfereji bapa wa maji, umelala milimita chache tu, na katika rejeta nyingi hakuna kibati cha kuukinga. Skrubu ya 35 inautoboa bila hata kukaza sana. Unyevu kidogo hutokea siku ya pili, ukishuka taratibu juu ya kadi ya picha. Pima kila skrubu usiyoijua kabla ya kuiingiza. Tena ziko za M3, yaani za milimita, na ziko za nyuzi za inchi, 6-32. Zinafanana kwa macho, lakini ikikataa baada ya mzunguko mmoja usiilazimishe.

Funga feni kwenye rejeta ukiwa mezani, waya zote zikitokea upande utakaokuwa wa bodi kuu. Ingiza skrubu zote kidogo kidogo kwanza, kisha kaza kwa mshazari. Pachika rejeta kashani. Mwanya wowote unaobaki kati ya rejeta na bati la kasha uzibe kwa sponji ya kubandika. Hewa hupenda njia rahisi na itapita hapo badala ya kupita kwenye mapezi.

Upande wa prosesa: futa pesti ya zamani, ile dawa laini ya kupitisha joto, kwa spiriti, weka mpya kiasi cha punje ya mbaazi katikati, kwa prosesa pana za Intel za soketi ya LGA1700 chora mkasi mwembamba, yaani alama ya X. Bandua karatasi ya plastiki iliyo chini ya bloku, nayo husahaulika mara nyingi mno. Kaza skrubu nne kwa mshazari, nusu mzunguko kila moja, hadi zote zigome. Mipira isipinde kwa kona kali wala kugusa mapanga ya feni.

Waya ya pampu iende kwenye plagi iliyoandikwa AIO_PUMP au W_PUMP, na BIOS, programu ya bodi kuu inayoamka kabla ya nyingine zote, iipe asilimia 100 daima. Feni za rejeta ziende CPU_FAN. Usichomeke pampu mahali ambapo kasi hushuka prosesa ikipoa.

Kuwasha na kusoma dalili

Washa, ingia BIOS, ukae hapo dakika tano. Joto la prosesa likipita 80 ndani ya dakika mbili bila kazi yoyote, zima: pampu haizunguki au ile plastiki bado ipo. Mlio wa viputo siku ya kwanza ni kawaida. Mashine ikiwa inawaka, iinamishe polepole mbele na nyuma, kiasi cha nyuzi 30 za pembe, ili viputo vipande rejetani. Mlio ukiendelea baada ya siku mbili tatu, rejeta imekaa vibaya au maji yamepungua.

Halafu ipe kazi nzito kwa nusu saa nzima. Dakika tano hazitoshi, kwa sababu maji huchukua dakika 10 hadi 20 kufika joto lake la kudumu. Namna joto linavyopanda inakuambia mengi. Likiruka hadi 95 ndani ya sekunde chache, ubaya uko kwenye pesti au mgandamizo wa bloku, na hata ukibadilisha feni zote hutapata kitu. Likipanda taratibu kwa robo saa bila kutulia, maji ndiyo yanayopata moto, na ubaya uko kwenye rejeta au njia ya hewa. Hapo toa ubavu wa kasha. Joto likishuka nyuzi 5 au zaidi, kasha linakosa pumzi: uso wa kioo uliozibwa, wavu uliojaa, au mgongo uliobanwa ukutani.

Shika mipira miwili kwa vidole. Pampu ikisukuma lita 1 kwa dakika na prosesa ikitoa wati 150, maji yanayotoka yanazidi yanayoingia kwa nyuzi 2 tu, kwa hiyo mipira yote miwili inapaswa kuwa vuguvugu karibu sawa. Mmoja ukiunguza na mwingine ukiwa baridi, maji hayaendi.

Kasi ya feni iongoze kwa joto la maji kama seti yako ina kipimo hicho. Katika chumba cha nyuzi 31 maji yasiyo na kazi hukaa 34 hadi 37, kwa hiyo usiweke feni zianze kupiga kelele kwenye 35. Anzia 38, zipande taratibu, zifike kasi kamili kwenye 50. Maji yakikaribia 60, simamisha kazi. Mipira na pampu za seti hizi hazikuumbwa kwa zaidi ya hapo.

Chumvi

Chumvi ya bahari kwenye hewa hutua juu ya mapezi ya alumini, na unyevu ukipita kama asilimia 75 huanza kunyonya maji yenyewe na kuwa majimaji. Malindi unyevu huo ni wa usiku mwingi wa mwaka. Ndiyo maana rejeta iliyokaa karibu na dirisha la bahari, upande wa Shela kwa mfano, huota unga mweupe ukingoni. Huo si vumbi, ni alumini inayoliwa. Huku kwetu kusi na kaskazi zote hutoka baharini, kwa hiyo dirisha la mashariki ni joshini karibu mwaka mzima. Usiweke mgongo wa kasha mkabala nalo, upepo utapigana na feni ya kutoa. Wala uso usiwe mkabala nalo, utanyonya chumvi yote. Weka kasha ubavuni, nje ya mstari wa dirisha, juu ya meza, mgongo ukiacha sentimita 20 na ukuta.

Kila wiki nne hadi sita toa nyavu, zioshe kwa maji ya bomba, zikauke kabisa. Piga rejeta kwa blowa kutoka demani kwenda joshi, yaani kinyume cha hewa inavyopita, huku umeshika mapanga ya feni kwa kidole yasizunguke. Usifute mapezi kwa kitambaa kibichi. Unayeyusha chumvi na kuisukuma ndani.

Wenye mfumo wa kujifungia wenyewe, usiozibwa kiwandani, wasiongeze maji ya kisima wala ya bomba. Tumia maji maalumu ya mifumo hiyo. Yakikosekana kwa siku mbili tatu, maji ya betri yaliyosafishwa yanaweza kuvusha, mradi usome chupa mara mbili: maji ya betri na asidi ya betri huuzwa rafu moja. Wala usichanganye bloku ya shaba nyekundu na rejeta ya alumini pasipo dawa ya kuzuia kutu.

La kiyoyozi nalo ni hili. Rejeta haishuki chini ya joto la chumba, kwa hiyo haitoki jasho mashine inapofanya kazi. Lakini mashine iliyozimwa katika chumba cha nyuzi 20 hupoa yote, bati, bodi na mapezi. Ukifungua dirisha asubuhi, hewa ya nje yenye unyevu huitoa jasho kama gilasi ya maji ya barafu, na jasho hilo linatua juu ya chumvi. Zima kiyoyozi kwanza, acha dirisha limefungwa nusu saa, ndipo ufungue. Na ukiitoa mashine chumbani humo kuipeleka kwingine, ikae saa moja hadi mbili kabla ya kuchomeka plagi ukutani.